Tui Lililobaki Langoni

Foleni ya wanafunzi ilikuwa imeshasogea hadi kwenye lango la kuondokea nchini, na Mwajabu kavua viatu tayari, karani alipomuuliza anaacha ladha gani. Ndiyo sheria: ukienda kusoma ng'ambo, ulimi wako unaacha ladha moja ya kwenu, na hairudi tena.

"Tui la nazi," akasema. "Kule kwenye barafu nitalipata wapi?"

Kumbe kule nazi za kopo zimejaa madukani. Mwajabu akawa anawapikia wenzake wa bweni, wao wakijilamba vidole, kwake mchuzi ni maji ya moto tu. Mwajabu hakumwambia mama yake ni ladha gani aliyoiacha.

Yalipofika mahafali, mama akaja kutoka Tanga na kukamata jiko. "Nyinyi wasomi mmezoea mikate mikavu. Leo utakula samaki."

Akamdondoshea mchuzi kiganjani, kama alivyomfanyia tangu utotoni. "Onja, mwanangu. Kumepungua nini?"

Mwajabu akalamba, macho yakiwa kitabuni. "Hakijapungua kitu, mama. Tui limekolea hasa."

Mama akalitazama kopo la nazi mezani. Alikuwa hajalifungua. Akalifungua, akamimina, wakala.

Mwajabu alipata kazi kule kule, akaolewa, na nyumbani huja siku za misiba. Karani yungali langoni. Mama alirudi Tanga, akampa jirani mbuzi yake ya kukunia nazi, na tangu hapo anapika kwa mafuta.