Medali ya Kubangulia Korosho

Mgeni alikuwa ameshaifunga medali kwenye kitambaa. "Msijali, dada. Huu weusi fundi wangu atauondoa. Itang'aa kama siku babu yenu alipotuzwa kule Ulaya kwa mikeka yake, kwenye maonesho ya makoloni."

Anakusanya medali za maonesho yale. Alikuja hadi kwetu Nkowe kwa ajili ya hii moja, nasi tulishakubali kumuuzia.

"Kwani weusi wenyewe ni wa nini?" akauliza.

"Mafuta ya maganda ya korosho," mama alijibu. "Huyo Hajra! Alikuwa akiibangulia korosho. Ukimkanya anakwambia, 'Mzungu katupatia chuma, acheni kifanye kazi.'"

Mama akacheka. Hakuwa amecheka tangu tumzike Hajra, mdogo wangu.

"Hebu nipe kwanza, kaka," nikasema.

Nikaifungua. Ukingoni ulikuwepo weusi wa kidole gumba, pale Hajra alipozoea kuishikia. Nikaweka changu juu yake. Chake kilikuwa kipana zaidi.

Mgeni alinyoosha mkono, akangoja.

"Chai ipo, kaka," nikamwambia, medali nimeifumbata. "Kunywa kwanza, ndiyo uanze safari ya kurudi Ruangwa."