Chumba cha Nyoka

Mshigi, ndege mdogo mla mbegu, alijenga kiota cha vyumba viwili kama ilivyo desturi ya ukoo wake. Cha chini, chenye mlango uliofichwa, kilikuwa cha makinda wake. Cha juu kiliachwa kitupu, ili nyoka akichungulia asikute kitu, aende zake.

Mwaka huo moto uliteketeza matete ya ng'ambo ya bwawa, walikoishi mishigi wengine wote. Siku ya tatu akafika mjane mmoja na makinda wawili, manyoya yao yakinuka moshi.

"Kaka, tusitiri kwenye chumba cha juu."

"Haiwezekani, dada. Sharti nyoka akikute kitupu."

"Kumbe nyoka ana chumba kwako, na sisi damu yako hatuna!"

Mjane akaondoka, na kabla jua halijatua mwewe akawanyakua wote watatu mahali peupe.

Nyoka alikuja, akachungulia, akaenda zake. Makinda wa Mshigi wakakua salama, kisha wakaruka kutafuta wenzi. Walilizunguka bwawa zima, wakarudi.

"Baba, wenzetu wako wapi?"

"Walipita hapa," akajibu.

Miaka michache baadaye hapakuwa tena na mshigi hata mmoja wa kuuficha mlango wa chini. Nyoka akachungulia vyumba vyote viwili, akavikuta vitupu.