Aliyekohoa Nyuma ya Nyumba

Tabibu alishusha chombo cha kusikilizia kifua, akauliza, "Nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa pia?"

"Hakuna," mama wa mtoto akajibu bila kusita.

Babu, aliyempakata mjukuu, aliinamisha macho. Kwa miezi mitatu sasa alikuwa akidamka kabla ya wenzake na kwenda kukohoa nyuma ya nyumba, kitambaa mdomoni. Alijiambia ni vumbi la vitambaa tu. Fundi cherehani gani hana kifua? Kisha kila mara alirudi ndani, na mtoto akamparamia kifuani na kulala.

Mtoto akakohoa tena. Babu alihisi mbavu za mjukuu zikitikisika chini ya kiganja, moja moja, zinahesabika.

"Mimi," akasema.

Bintiye akageuka. "Baba, si ulisema ulipimwa kifua kikuu, huna kitu?"

"Nilikudanganya, mwanangu. Nilifika mlangoni pa hospitali nikarudi. Niliogopa mtaninyima mtoto."

Tabibu hakumgombeza. Alijaza karatasi mbili za maabara badala ya moja.

Babu akamwinua mtoto ampe mama yake. Lakini vidole vidogo vilikuwa vimeng'ang'ania kifungo cha shati lake, ikambidi avifungue mwenyewe, kimoja kimoja.