Radhi ya Fundi

"Dada, bwana yako anaenda Maka na we unatuficha?" Jirani muuza samaki wa ndagala alimsimamisha Assia njiani, uso wote kicheko. "Amepita nyumba zote kuomba radhi. Nikamwambia, fundi, nimekusamehe, utuombee huko. Ona, ametuachia na spana yake."

Assia aliitazama. Mpini wake ulifungwa kipande cha kitenge alichokichana yeye mwenyewe, mwaka wa ndoa yao. Spana hiyo mumewe hajawahi kumwazima mtu.

Safari ya Maka haikuwepo. Hata pasipoti mumewe hana.

Miezi mitatu mumewe alilala ameugeukia ukuta. Nesi alisema ni sonona, ugonjwa kama magonjwa mengine, na una dawa. Mashemeji walisema ni uvivu, na dawa zikabaki juu ya kabati. Kisha Jumatatu hii akaamka, akaoga, akatoka anatabasamu. Assia akapika pilau kwa furaha.

Ndipo Assia alipoelewa anaaga safari gani. Akampokonya jirani ile spana, akakimbia, kandambili moja ikabaki matopeni.

Alimkuta mumewe ameketi kitandani, amevaa kanzu ya Idi, kucha amezikata zote.

"Umebaki we tu, Assia," alisema kwa upole. "Unisamehe."

Assia aliketi chini, katikati ya mlango, spana ameikumbatia kifuani.

"Apana," alisema. "Mi sikusamehe. Leo wala kesho."