Jina Kwenye Pete

Pete ilikuwa imegandiwa na majivu. Niliisugua kwa upindo wa kanga mpaka fedha ikang'aa, nikaona maandishi membamba yaliyopinda kama nyuzi.

Bibi Swaumu alikuwa amechutama kando yangu, akichambua shanga tulizookota katika jaa hili la zamani la Ng'ambo, walikotupa taka watu wa misafara ya biashara. Tangu asubuhi hakuwa amenisemesha. Jana kwenye kisomo cha watu wazima alishindwa kusoma neno "kuku", wenzake wakamcheka, na mimi mwalimu wao nikanyamaza kwa haya. Akasema harudi tena.

"Umeokota nini, mwalimu?"

Nikampa. "Ina maandishi, Bibi. Siyajui." Mimi mwenyewe niliishia darasa la tano.

Aliisogeza mbali na macho, akafuata herufi kwa ukucha, kutoka kulia kwenda kushoto.

"Tausi binti Feruzi," akasoma bila kukwama.

"Kumbe unajua kusoma!"

"Herufi za chuoni, za Kurani, nazijua tangu sijang'oa meno ya utoto. Hizo zenu ndizo zinanipiga chenga."

Kwenye daftari langu, mbele ya jina lake, nilikuwa nimeandika "hajui".

Nikasawazisha majivu kwa kiganja, nikamkabidhi kijiti. "Nianzishie ya kwanza, Bibi."

Akanitazama, kisha akachora mstari mmoja uliosimama wima.

"Alifu. Haya, sema."

"Alifu."

"Sema kwa nguvu, mjukuu wangu! Na kesho darasani hivyo hivyo. Nakaa nyuma kule, sikusikii."