Taa ya Bwana Hapana

Tangu asubuhi fundi mitambo alikuwa ana hasira na taa moja tu.

Taa zenyewe zilikuwa nyingi mezani kwake, kila moja na nchi yake. Mjumbe akitaka kusema anabonyeza kitufe kule chini ukumbini, taa inawaka nyekundu huku juu kwenye kibanda cha vioo, fundi anasukuma swichi, sauti inatoka. Asiposukuma, mjumbe anabaki kupanua mdomo kama samaki. Ukumbi ule bila mitambo, hata upige kelele, wa kukusikia ni jirani yako.

Mwenye taa hiyo fundi alimbatiza Bwana Hapana. Pendekezo lilikuwa moja: geti la daraja la mpakani lifunguliwe lote, wanaokimbia vita wapite. Kila likiletwa, taa inawaka.

"Hapana. Nchi yangu imejaa."

Na kanuni ya umoja wao ndiyo hiyo. Nchi moja ikikataa, hakuna uamuzi. Ukinyamaza, umekubali.

"Kushiba kubaya," fundi alinong'ona. "Hilo daraja hata halijui."

Yeye alilijua. Mdogo wake wa kike alikuwa juu yake muda huo, anasukuma toroli, na ndani ya toroli amekaa mama yao. Geti limeachiwa upenyo wa mtu mmoja mmoja. Foleni imejaa daraja zima. Nyuma yao bunduki zinasogea.

Chai ilipoiva, fundi alishuka ngazini akapiga simu. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha, akaweka sauti ya juu.

"Kaka, nyie huko mmefikia wapi?"

"Mimi wa mitambo tu, mdogo wangu. Wanaongea."

"Waambie waongee haraka. Wa nyuma wameanza kujitupa mtoni."

Mama akadakia. "Mwambie huyo ale. Sauti yake ya njaa. Mimi mzima, nasukumwa kama mfuko wa saruji."

Fundi alicheka. Alipogeuka, Bwana Hapana alikuwa nyuma yake, kikombe mkononi.

"Nani huyo?"

"Mama yangu. Yuko kwenye hilo daraja lako."

Mtu mzima yule akaisogelea simu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umekula?"

Mtandao ukakatika. Bwana Hapana aliendelea kuitazama simu kama vile itamuuliza tena. Kisha akaweka kikombe kwenye ngazi, chai haijaguswa, akaondoka.

Mnafiki, fundi alijisemea. Anaamkia watu anaowazika.

Baada ya chai wajumbe walijifungia chumba cha pembeni, kisicho na maiki wala fundi. Wakakaa huko mpaka vikombe vikaoshwa. Fundi akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Haikupokelewa.

Walipotoka, Bwana Hapana alikuwa wa mwisho. Tai imelegea, macho mekundu. Hakuna aliyetembea naye.

Mwenyekiti alivaa hedifoni, akainamia karatasi zake.

"Tunarudi kwenye pendekezo la daraja, kama lilivyorekebishwa. Mmeshalisoma, sina haja ya kulirudia. Kuna anayepinga?"

Taa moja ikawaka. Ya nani tena?

Kidole cha fundi kilikuwa tayari kwenye swichi. Miaka yote ya kazi hajawahi kumnyima mtu sauti, hata walevi wa harusini. Lakini alimwona mama kwenye lile toroli, kitambaa kimemkaa upande, anauliza watu kama wamekula huku risasi zinamfuata. Kazi ikiota mbawa, iote.

Akaondoa kidole. Kisha, asije akajisaliti, akaikalia mikono yake yote miwili.

Kule chini Bwana Hapana alisema. Akagonga maiki, akasema tena. Akasimama. Taa ikazima, ikawaka, ikazima, ikawaka. Mjumbe wa kiti cha pili aligeuza uso upande wa pili, kama mtu anayepita msibani asiyetaka kuuchangia.

"Narudia kwa mara ya mwisho," mwenyekiti alisema bila kuinua kichwa. "Kuna anayepinga?"

Kimya. Fundi alisikia moyo wake kwenye hedifoni.

"Basi tumekubaliana wote."

Nyundo ikagonga. Na nyundo ya pale ikishagonga, imegonga, hakuna wa kuirudisha juu.

Fundi akaegemea kiti, machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke. Kwa mara ya kwanza tangu vita vianze alivuta pumzi ikafika chini. Kule ukumbini Bwana Hapana bado alikuwa amesimama, analia waziwazi, uso kaunyanyua kwenye kibanda cha vioo kama mtu aliyeporwa mchana kweupe.

Leo zamu yako, fundi alimwambia kimoyomoyo.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa mdogo wake.

"Kaka wamefunga geti lote. Wanasema nyie huko mmekubaliana wote. Mama ndiye aliyekuwa anafuata."