Aliyetuchongea

Mama Sare aliusukuma mlango wa masjala ya jiji kwa bega, akaingia bila kubisha. Mkononi alishika ilani ya kuhama, aliyoibandua mlangoni kwa nguvu hadi ikang'oka na rangi.

"Siku saba!" alisema. "Familia arobaini, siku saba! Nani katuchongea?"

Karani wa masjala, mzee aliyebakiza miezi michache astaafu, aliinua macho kutoka kwenye rundo la mafaili. "Karibu ukae, mama."

"Sikuja kukaa. Kwangu mmenikataza kukaa, nije kukaa kwako?"

Watu wa jiji walikuwa wamefika jana yake asubuhi na ndoo ya rangi nyekundu. Walichora alama ya X kwenye kila nguzo ya chini, wakabandika ilani mlangoni: jengo si salama, wakazi wote waondoke, kufuatia taarifa ya raia.

Taarifa ya raia. Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma. Kwa hiyo kulikuwa na mtu, mzima na akili zake, aliyekaa chini na kalamu akaandika ili watoto wa wenzake walale nje. Majirani walishampata wa kumshuku: mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, aliyekimezea mate kiwanja chao siku nyingi. Mama Sare aliapa kumpa vidonge vyake mbele ya wateja wake wote. Ila kwanza alitaka jina, alione kwa macho yake.

Na kama hayo hayakutosha, kulikuwa na mumewe. Aliposomewa ilani ile, mwanaume wa watu hakupandisha hata sauti. Alishusha pumzi ndefu, kisha akaanza kukunja magodoro.

"Tuhame, mama watoto. Leo hii hii."

Watoto alishawapeleka kwa shangazi yao tangu wiki iliyopita, eti wabadilishe hewa.

"Wenzako wanatafuta wakili, wewe unatafuta kamba ya kufungia mizigo!" alimfokea. Mume akaendelea kukunja. Wakalala wamepeana migongo.

"Jina la mlalamikaji ni siri, mama," karani alisema.

"Siri?" Aliibwaga mezani barua ya kupewa nyumba. "Miaka sita nimepanga foleni kwenye dirisha lenu. Sita! Mimi nashona sare za shule, kila siku niliyokuja hapa ni siku ambayo sikushona. Mfuko wenu wa maendeleo ya jamii ulipojenga lile jengo mlikuja na makamera, mkakata utepe, mkatukabidhi funguo, tukachekelea kama wajinga. Kibali mlitoa nyinyi. Cheti cha ukaguzi mlisaini nyinyi. Mume wangu mwenyewe kamwaga jasho pale, kapandisha zege ghorofa kwa ghorofa. Halafu mtu baki anaandika kikaratasi, mnatutoa kama takataka?"

Karani alivua miwani. "Mumeo alifanya kazi pale?"

"Tangu msingi!"

Mzee aliivaa tena miwani. Kisha aliinuka, akaenda kwenye kabati la chuma, akarudi na faili nene lililofungwa kwa uzi.

"Si kikaratasi kimoja," alisema, sauti imeshuka. "Ni barua kumi na saba. Kwa miaka miwili."

Mama Sare alizipekua moja moja, karani akiwa amefunika sahihi za chini kwa kiganja. Kila barua ilikuwa na muhuri wa bluu: IMEPOKELEWA.

"Miaka miwili mnajua?" Sauti ilimpanda. "Miaka miwili tunapika humo, tunalala humo, cherehani yangu inatingisha ile sakafu usiku na mchana, na nyinyi mnagonga mihuri?"

"Zilipokelewa, mama. Kupokelewa si kusomwa." Hakusema kwa kejeli, alisema kama mtu aliyechoka. "Hata hii ya mwisho isingesomwa. Mwenyewe aliileta hadi mlangoni kwa mhandisi wa jiji, akaketi sakafuni kutwa nzima. Askari wakamburuta nje. Kesho yake akarudi, akaketi palepale."

Mama Sare aliiachia barua aliyoishika. Mwenye duka yule, anavyojipenda, hakuwa mtu wa kuketi sakafuni kwa ajili ya yeyote.

"Basi nani?" aliuliza. Sasa hakuwa na hakika tena anataka kumfanya nini huyo mtu.

Karani aliutazama mlango, akautazama tena. "Wakinifukuza na wanifukuze," alisema. Akaondoa kiganja, akaigeuza barua ya mwisho, akaisogeza upande wa Mama Sare.

Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, herufi kubwa kubwa za mtu asiyezoea kalamu. Mama Sare aliziruka salamu za kiofisi, akashuka moja kwa moja hadi mistari ya chini.

"Saruji iliwekwa nusu ya kipimo tangu nguzo za chini, na mkaguzi aliona akasaini. Nina hakika, kwa sababu zege lile nililichanganya mimi kwa mikono yangu, nikafunga mdomo nisikose kibarua. Naishi humo ghorofa ya tatu pamoja na watoto wangu watatu na mke wangu, ambaye ni mshonaji wa sare za shule. Alizisubiri zile funguo miaka sita, na mimi sijapata ulimi wa kumwambia."